Mjadala: Saa za Kazi Zikipungua, Likizo ya Zamani Nayo Ipungue?

Mhudumu wa wazee mjini Leicester ameanza mwaka akifanya kazi siku 5 kwa wiki. Tarehe 1 Julai anahamia siku 3, kwa kuwa mwanawe mdogo hana wa kubaki naye. Katika miezi 6 ya mwanzo amepata likizo ya siku 4 tu. Mwezi Aprili aliomba wiki nzima, akaambiwa watu hawatoshi. Sasa anafungua programu ya zamu kwenye simu na kukuta zimebaki siku 12.8. Kwa hesabu yake mwenyewe zilipaswa kuwa 18.4. Zimepotea siku 5.6, yaani karibu wiki mbili nzima kwa mtu wa siku 3, na Desemba alikusudia kwenda Mombasa.

Mhudumu huyo ametungwa, na hali kadhalika wanaobishana naye hapa: karani wa mishahara, mama mwenye nyumba ya wazee, na wakili wa mambo ya kazi. Wote ni watu wa Afrika Mashariki waliohamia Uingereza, mfano wa wengi walio katika hospitali na nyumba za wazee za huko. Sheria, kesi na tarakimu wanazozitaja ni za kweli.

Karani ndiye anayebanwa kwanza, naye anajitetea kwa utulivu wa mtu ambaye hajaiba kitu. Alichofanya, anasema, ni kuingia kwenye ukurasa wa mfanyakazi, kufuta 5 kwenye kisanduku cha siku za wiki, kuandika 3 na kubonyeza kitufe cha kuhifadhi. Mfumo ukafanya yaliyobaki. Sheria ya Uingereza inampa kila mfanyakazi wiki 5.6 za likizo ya malipo kwa mwaka. Kiwango hicho kimekuwapo tangu Aprili 2009. Wiki 5.6 mara siku 3 ni siku 16.8. Ondoa 4 alizokwisha chukua, zinabaki 12.8. Hesabu haina kosa hata la nukta.

“Kwa hiyo hiyo kompyuta inaamini nilikuwa nafanya siku 3 tangu Januari?” anauliza mhudumu.

Karani anatazama kioo, kisha anamtazama yeye. “Ndiyo, dada. Ndivyo inavyoamini.”

Hapo kiini cha ugomvi kimeshapatikana, ingawa utachukua muda kuisha. Mfumo umechukua mkataba wa Julai na kuupeleka nyuma mpaka mwaka mpya. Mhudumu anakata mwaka vipande viwili. Januari hadi Juni alikuwa mtu wa siku 5, ambaye mwaka mzima angestahili siku 28; nusu yake ni 14. Julai hadi Desemba ni mtu wa siku 3, mwenye siku 16.8 kwa mwaka. Nusu yake ni 8.4. Jumla ni 22.4. Toa 4 alizochukua, zinabaki 18.4. Kati ya hizo, 10 ni viporo vya nusu ya kwanza, siku alizokwisha zifanyia kazi na hakupewa nafasi ya kuzipumzika.

Mwenye nyumba ya wazee hakubali, na hoja yake si ya ubahili. Ni hoja nzito, na wengi wanaoandika juu ya jambo hili huiruka.

“Sheria haisemi siku, mwanangu. Inasema wiki,” anasema. “Mwenzako wa siku 5 akiwa na viporo vya siku 10, anaondoka wiki 2. Wewe na siku zako 10, kwa zamu za siku 3, utaondoka wiki 3 na siku moja juu. Mmefanya kazi pamoja Januari mpaka Juni, zamu zilezile, kitanda kwa kitanda. Kwa nini wewe upumzike wiki 3 na yeye 2? Mimi nikikupa wiki 2 zako, siku 6 kwa mpango wako mpya, sijakunyima kitu. Umepumzika wiki zilezile.”

“Lakini Mama, hizo siku nyingine 4 za kila wiki mimi siko kazini hata hivyo. Hulipi hata senti. Utanihesabiaje kuwa umenipa likizo siku ambayo mkataba wenyewe unasema nikae nyumbani?”

Wakili anacheka kidogo, kwa sababu ubishi huu ameusoma. Ulifika mpaka Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliyoko Luxembourg, na wabishi walikuwa mtumishi mmoja wa umma na jimbo la Niedersachsen la Ujerumani. Mtumishi huyo alikuwa akifanya kazi siku 5 kwa wiki. Kwa sababu ya ujauzito na uzazi hakuweza kuchukua siku 29 za likizo za 2010 na 2011. Aliporudi mwishoni mwa 2011, alirudi kwa siku 3. Mwajiri akazigawa siku 29 kwa 5, akazidisha kwa 3, akapata 17 na ushei. Alipolalamika, akajibiwa maneno yaleyale ya mwenye nyumba ya wazee: siku 29 kwa mtu wa siku 5 ni wiki 5.8, na siku 17.4 kwa mtu wa siku 3 ni wiki 5.8 vilevile, hakuna aliyepunjwa.

Mahakama ilitoa amri yake Juni 2013, na haikuona haja hata ya kufanya kikao cha kusikiliza pande mbili, kwa kuwa jibu lilikuwa limeshapatikana katika kesi ya nyuma. Ilisema hoja ya wiki inachanganya mambo mawili: mapumziko ya likizo, ambayo mtu anasamehewa kazi aliyotakiwa kuifanya, na kutofanya kazi kwa kawaida siku ambazo mkataba haumtaki afike. Siku isiyo ya kazi si likizo. Siku 29 zikabaki 29.

“Umeona, Mama?” anasema mhudumu. Mwenye nyumba ya wazee amenyamaza, lakini si kimya cha aliyeshindwa.

Kesi ya nyuma inayotajwa ilitoka Austria. Baraza kuu la wafanyakazi wa hospitali za jimbo la Tirol lilipinga kanuni ya jimbo hilo iliyosema kwamba saa za kazi zikibadilika, likizo isiyotumika nayo irekebishwe kwa uwiano uleule. Tarehe 22 Aprili 2010 Mahakama ya Luxembourg ilikata shauri. Ilikubali kwamba mfanyakazi wa saa pungufu apate likizo kwa kadiri ya saa zake. Hilo halina ubishi, na liko kwenye maagizo ya Umoja wa Ulaya ya 1997 kuhusu kazi za saa pungufu. Lakini uwiano huo ni wa kipindi cha saa pungufu tu. Hauwezi kurudishwa nyuma kula haki iliyochumwa wakati mtu akifanya kazi muda wote.

Ujerumani ilichukua muda kulimeza hilo. Tangu 1998 Mahakama ya Shirikisho ya Kazi ya nchi hiyo ilikuwa ikiruhusu siku za zamani zigeuzwe kwa hesabu ya mwajiri. Februari 2015 ikageuza msimamo. Mfanyakazi wa sekta ya umma, aliyekuwa na siku 30 za likizo kwa mwaka, alitoka siku 5 kwenda siku 4 katikati ya mwaka, akapewa likizo ya siku 24. Alidai 27: nusu mwaka siku 15, nusu mwaka siku 12. Akashinda. Ni kukata mwaka vipande viwili, jinsi mhudumu wa Leicester alivyofanya kwa kalamu nyuma ya bahasha.

Sasa mwenye nyumba ya wazee anarudi na silaha mbili.

Ya kwanza: “Hayo ya Luxembourg yana nini na Leicester? Si tulipiga kura tukatoka Ulaya?”

Wakili anaichukua kwa uzito. Ni kweli kwamba tangu kumalizika kwa 2020 hukumu mpya za Luxembourg haziwafungi majaji wa Uingereza. Lakini hukumu za kabla ya hapo hazikufutwa kwa mkupuo. Mabaraza ya kazi ya ngazi ya chini bado yanazifuata, na ni mahakama za juu tu zenye uwezo wa kuziacha. Halafu kuna sheria ya Waingereza wenyewe. Kanuni za kuwalinda wafanyakazi wa saa pungufu zilianza kutumika 1 Julai 2000. Kwa kawaida anayelalamika kupunjwa hutakiwa kujilinganisha na mwenzake wa muda wote anayefanya kazi ya aina hiyohiyo. Ila kanuni ya 3 inaweka njia ya pekee kwa aliyetoka muda wote kwenda saa pungufu: anaruhusiwa kujilinganisha na yeye mwenyewe wa zamani, na masharti aliyokuwa nayo kabla ya kupunguza saa. Mhudumu wa Agosti anasimama pembeni ya mhudumu wa Juni, na mwajiri aeleze kwa nini mmoja amepoteza siku 5.6.

Kwa maoni ya mwandishi, kanuni hiyo ndogo, ambayo watu wachache huitaja, ina nguvu kuliko nusu ya maneno ya Luxembourg.

Silaha ya pili ni kali zaidi. Katika Tirol na Niedersachsen, Mahakama ilikuwa inazungumzia mfanyakazi ambaye hakupata nafasi ya kuchukua likizo yake kabla ya saa kupunguzwa. “Huyu dada alikuwa na miezi 6,” anasema mwenye nyumba ya wazee. “Hakuwa mjamzito, hakuwa mgonjwa. Asilaze siku zake halafu aje kunidai.”

Mhudumu anatoa simu. Ujumbe wa Aprili upo: aliomba siku 5, jibu likaja saa moja baadaye kwamba kuna upungufu wa watu, ajaribu Juni. Juni akaambiwa wenzake wenye watoto wakubwa wameshachukua nafasi. Kila mfanyakazi wa nyumba za wazee anayajua majibu haya.

Wakili anaongeza kesi nyingine. Novemba 2018, katika shauri lililoihusu taasisi ya utafiti ya Max-Planck ya Ujerumani, Mahakama ya Luxembourg ilisema mwajiri hawezi kukaa kimya halafu adai kuwa likizo imekufa kwa sababu mfanyakazi hakuomba. Ni juu yake kumpa mtu nafasi ya kweli, kumhimiza, na kumwambia wazi kwamba siku zisipotumika zitapotea. Uingereza imeliandika sharti la namna hiyo katika kanuni zake zilizoanza Januari 2024: pale mwajiri asipotimiza wajibu huo, wiki 4 za msingi zisizotumika zinahamia mwaka unaofuata. Basi anayekataa ombi la Aprili na kusogeza la Juni hana uso wa kusema mfanyakazi alizilaza siku.

Mwenye nyumba ya wazee anashusha pumzi. “Mimi nina wazee 31 na wahudumu wanaoondoka kila mwezi,” anasema. “Mnaongea kama vile nina benki ya watu.” Hilo nalo ni kweli, na hakuna mahakama iliyowahi kumpunguzia mzigo huo. Uhaba wa wahudumu ndio uliozaa viporo vya Aprili, na uhaba huohuo ndio unaofanya wiki 3 za Desemba zimtishe. Lakini deni lililotokana na upungufu wake haliwezi kulipwa na aliyekatazwa likizo.

Karani, ambaye kwa muda wote huu alikuwa akiandika kwenye karatasi, anaingilia kwa swali ambalo wengine hawakulifikiria. “Na kama dada angebaki siku 5, ila akapunguza saa? Tuseme alikuwa saa 8 kwa siku, akaenda saa 5. Siku zake 10 zinabaki 10. Hakuna atakayeona kitu.”

Kweli hakuna atakayeona, na hapa watu hupunjwa bila kelele. Siku 10 za saa 8 ni saa 80 za malipo. Siku 10 za saa 5 ni saa 50. Programu ya zamu itaonyesha 10 kabla na 10 baada, mfanyakazi ataridhika, na mshahara wa mwezi wa likizo utakuja na pengo la saa 30. Hukumu ya Tirol ililigusa hili moja kwa moja: haitoshi siku zibaki, kama zitalipwa kwa kiwango kilichopunguzwa. Ujerumani nayo, mwaka 2018, mahakama yake ya kazi ilisema likizo iliyochumwa kwa muda wote ilipwe kwa mshahara wa muda wote hata ikichukuliwa baadaye, saa zikiwa zimepungua. Ndiyo maana makarani wenye uzoefu huacha kuhesabu siku pale mkataba unapobadilika. Wanageuza kila kitu kuwa saa: saa zilizochumwa kabla ya tarehe ya mabadiliko, saa zilizotumika, saa zilizobaki. Saa haidanganyi kirahisi.

Kuna njia ya mkato ambayo karani anakiri ilimvutia, ile ya asilimia 12.07. Inatokana na kugawa wiki 5.6 za likizo kwa wiki 46.4 zinazobaki za kazi. Julai 2022 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliikataa katika kesi ya mwalimu wa muziki aliyefundisha vipindi vya shule tu. Serikali ikabadilisha kanuni, na kwa miaka ya likizo iliyoanza 1 Aprili 2024 na kuendelea asilimia hiyo inaruhusiwa kwa wenye saa zisizotabirika na wanaofanya kazi sehemu tu ya mwaka. Mhudumu wa siku 3 zinazojulikana kila wiki hayumo katika kundi hilo. Karani anaifuta kwenye karatasi yake.

Mwenye nyumba ya wazee anauliza kama hayo yote yanampendelea mfanyakazi tu. Hapana. Mwaka 2015 Mahakama ya Luxembourg ilikata shauri lililotoka baraza la kazi la Birmingham, ambalo mambo yake yalikuwa kinyume: mhudumu wa majumbani aliyekuwa akifanya kazi siku 1 kwa wiki, kisha akapandishwa hadi siku 12 kazini na 2 za kupumzika. Alikuwa ameshachukua siku 7 wakati wa saa chache, na mwajiri akasema likizo yake ya mwaka imekwisha. Mahakama ilisema siku za zamani haziongezwi thamani kwa kurudi nyuma kwa sababu tu saa zimepanda; kipindi kipya kinahesabiwa upya peke yake. Na kama alichukua zaidi ya alizochuma katika kipindi cha zamani, ziada ipunguzwe kwenye kipindi kipya.

“Hiyo naipenda,” anasema mwenye nyumba ya wazee, na kwa mara ya kwanza wote wanacheka.

Anapendezwa pia na kesi ya Scotland ya 2007. Mfanyakazi wa kituo cha simu aliyefanya kazi Jumatano hadi Ijumaa alidai fidia ya sikukuu za kitaifa zinazoangukia Jumatatu. Alishindwa. Kituo kilifunguliwa siku zote 7, na hata mfanyakazi wa muda wote ambaye Jumatatu si zamu yake alizikosa sikukuu hizo. Sababu ilikuwa siku za zamu, si upungufu wa saa. Anayepunguza siku afikirie vizuri ni siku zipi anaacha. Waajiri wengi wenye busara hukwepa ugomvi huo kwa kuzitia sikukuu zote za kitaifa katika kapu moja na likizo, kisha kugawa kwa kadiri ya saa.

Msomaji aliye Dar es Salaam au Nairobi asijiumize kichwa kwa kulinganisha siku kwa siku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inatoa siku 28 mfululizo kwa kila mzunguko wa miezi 12, wikendi zikiwemo, na sikukuu zinazoangukia humo zikiwemo: yaani wiki 4. Siku 28 za Uingereza kwa mtu wa siku 5 ni siku za kazi, yaani wiki 5.6. Kenya, kwa Sheria ya Ajira ya 2007, inatoa siku 21 za kazi kwa mwaka, na kwa anayeachishwa baada ya angalau miezi 2, siku 1.75 kwa kila mwezi aliofanya kazi. Hiyo 1.75 inaonyesha kwamba likizo huingia mfukoni mwezi baada ya mwezi, hata kabla mwaka haujaisha. Sheria hiyo ya Kenya inamtaka mwajiri pia, masharti yanapobadilika, ashauriane na mfanyakazi na kumjulisha kwa maandishi.

Mwisho wa mjadala karani anarudi kwenye mfumo. Hafuti 5 tena. Anafunga mkataba wa kwanza tarehe 30 Juni, anafungua wa pili tarehe 1 Julai, na kuhamisha viporo vya saa 80 kwa mkono. Mwenye nyumba ya wazee anaukubali mpango huo, kwa sharti moja ambalo mhudumu naye analikubali: wiki 3 hazitakwenda zote Desemba. Mbili zitachukuliwa Desemba, iliyobaki Oktoba.

Uamuzi wa mwandishi ni kwamba hoja ya wiki, pamoja na utamu wake, inaanguka kwa sababu moja: inamfanya mfanyakazi alipie likizo yake kwa siku ambazo tayari halipwi mshahara. Anayehamia saa pungufu, kokote aliko, aombe karatasi yenye mambo matatu kabla ya kutia saini mkataba mpya: tarehe ya mabadiliko, saa za likizo alizochuma hadi siku hiyo, na saa alizotumia. Ahifadhi pia ujumbe wa kila ombi la likizo lililokataliwa. Uingereza, mgogoro ukishindikana ofisini, hatua ya kwanza ni kwenda Acas, shirika la usuluhishi wa mambo ya kazi, ambalo huduma yake ni bure. Na asichelewe, maana muda wa kufungua madai katika baraza la kazi ni mfupi.